Ni Emilia, si Bianca

Shoga, uliuliza katika insha yako umwandike nani kuwa kinyume cha Desdemona, mke wa Othello: Emilia au Bianca. Katika Othello, tamthilia ya Shakespeare, anayetuonyesha Desdemona alivyo kwa kuwa kinyume chake ni Emilia, mtumishi wake. Bianca, hawara wa Cassio, luteni wa Othello, naye ni tofauti na Desdemona, lakini hata siku moja wawili hao hawakutani jukwaani.

Soma tendo la 4, onyesho la 3. Emilia anamfungua bibi yake pini za nguo, wakati wa kulala umefika. Desdemona anamuuliza: ungemsaliti mumeo hata ukipewa dunia nzima? Emilia anajibu kuwa dunia ni kitu kikubwa, ni malipo makubwa kwa kosa dogo. Halafu anasema wake wakiteleza, waume nao wana lawama. Mwenzake haamini kama mwanamke wa namna hiyo yupo.

Mimi nilimcheza Emilia skuli, hapa Unguja, na iliyonifunza tofauti yao ni ile leso, kitambaa cha mkononi ambacho Othello alimpa Desdemona. Nilikuwa naificha siri yake moyoni, huku Desdemona anaitafuta. Emilia ndiye aliyeiokota akampa Iago, mumewe, aliyeitumia kumdanganya Othello kuwa mkewe anamsaliti, na bibi yake alipouliza imepotelea wapi, akasema hajui. Uongo ule ni mzito mdomoni, jamani.

Ila usiandike kwamba mmoja ni mnyonge na mwengine jasiri, basi. Desdemona ndiye aliyethubutu kuolewa bila ya ridhaa ya baba yake. Na mwisho wanapishana: yeye anakata roho akimkinga mume aliyemuua, na Emilia aliyenyamaza anaitoa siri ya leso mbele ya watu, Iago akamchoma papo hapo.