Mnaoenda bonde la Orkhon, Mongolia, mara ya kwanza, jifunzeni kwanza neno moja la kwenye jiwe

Wadogo zangu mnaoanza kusoma Kituruki cha kale, naona mnaulizana sana nauli na pa kulala, hayo yatapatikana tu, mimi nataka niwaambie kile nilichokikosa safari yangu ya kwanza. Nilitoka Ulaanbaatar alfajiri, siku nzima barabarani kupitia Kharkhorin mpaka Khöshöö Tsaidam, bondeni Orkhon yalipo mawe, nyika tupu pande zote, nikafika mbele ya jiwe la Kül Tigin, mwanamfalme wa Waturuki wa kale, nikiwa nimesoma tafsiri zote lakini herufi zenyewe sizijui hata moja kwa kuiona. Jiwe lina zaidi ya mita tatu, limejaa maandishi, na mimi nimesimama pale kama mtu aliyepewa barua ya mama yake kwa lugha ngeni. Nikapiga picha, nusu saa nimemaliza, njia nzima ya kurudi roho inaniuma.

Kwa hiyo safari ya pili nilienda na neno moja tu, tengri, yaani mbingu au Mungu wa mbinguni. Ni herufi nne: t, ng, r, i. Ile e haiandikwi, unaijaza mwenyewe. Unasoma kutoka kulia kwenda kushoto, sasa sisi tuliopita madrasa hapo hatusumbuki. Na ile ng ni herufi moja kamili, sauti yake ni ng' yetu ya ng'ombe, wenzangu darasani walikuwa wanahangaika kuitamka mimi nimetoka nayo nyumbani. Nyingine ya kuizoea ni alama inayofanana na mshale, inasomwa ok, na ok kwa Kituruki maana yake mshale, hiyo ukiiona mara moja huisahau.

Neno hilo sikulichagua hivi hivi. Yadrintsev, mpelelezi Mrusi, aliyaona mawe haya 1889 na hakuna aliyeweza kuyasoma, mpaka Vilhelm Thomsen, mtaalamu wa lugha kule Copenhagen, akiwa na nakala zilizochapishwa tu, akafungua siri mwaka 1893, na tengri ni kati ya maneno ya kwanza kabisa aliyoyapata, pamoja na Kül Tigin na türk. Nendeni upande wa kusini wa jiwe, mstari wa kwanza unaanza na tengri na baada ya neno moja inarudi tena. Nilipoiona vidole vilitetemeka, sitii chumvi.

Ila kuna kitu kitawachanganya, mistari imesimama wima na herufi zimelala ubavu. Mimi nilikuwa na karatasi ya maandishi ya kulala nikapoteza dakika nyingi sana kutafuta mstari, kumbe ni kuigeuza karatasi ubavu tu. Chapisheni kwa herufi kubwa, msitegemee simu, baridi inamaliza chaji haraka na usiku hata Julai ni wa koti.

Mawe halisi sasa yako ndani ya makumbusho, yale mnayoyaona nje ni nakala. Wengi wakishasikia hivyo wanazipita, msifanye hivyo. Ndani msiguse, ulizeni kabla ya kupiga picha, kaeni na jiwe muda mrefu, halafu jioni jua likishuka tokeni nje kwenye nakala, mwanga ukipiga kwa ubavu kila mchoro unapata kivuli chake, na zile nukta mbili zinazotenganisha maneno mchana hukuziona sasa zinahesabika. Jiwe la Bilge Kagan (kagan ni mfalme), kaka yake Kül Tigin, limevunjika na limelika sana, kwa hiyo anzeni na la Kül Tigin.

Upande wa magharibi ni Kichina, maneno ya mfalme wa Tang, ukoo uliotawala Uchina wakati huo, kuomboleza. Na pande nyingine Bilge anawaonya watu wake wasidanganywe na maneno matamu na hariri laini ya Wachina hao hao, yote kwenye jiwe moja la mwaka 732! Hapo ndipo mnapoona siasa ya wakati ule bila mwalimu kuwaeleza. Halafu kuna pale anaposema mdogo wake amekufa na macho yake yanayoona yamekuwa kama hayaoni. Hapo nilifunga karatasi kwanza.

Dereva wangu hakujua Kituruki, nilimwonyesha zile herufi nne nikamtamkia, akasema "tenger" akanyoosha kidole juu. Kimongolia mbingu ni hivyo hivyo mpaka leo. Basi ongeeni na madereva na wachungaji, mkikaribishwa kwenye hema lao msikanyage kizingiti, na chai ya maziwa yenye chumvi pokeeni kwa mkono wa kulia mnywe hata kidogo.

Na kama una siku moja tu usilazimishe Orkhon, utachoka bure. Nenda kwa Tonyukuk, mawe yake mawili yapo upande wa Nalaikh, mashariki ya Ulaanbaatar, asubuhi unaenda jioni umerudi. Huyu alikuwa mshauri wa makagani na anajisimulia mwenyewe, mstari wa kwanza anataja jina lake na kwamba alizaliwa chini ya utawala wa Uchina. Uandike huo kwa mkono usiku kabla hujaenda, ni mfupi.