Jina la bakteria lije mwisho

Mwaka wangu wa kwanza maabara, kwenye benchi la sampuli za choo, nusura nitoe majibu ya Salmonella (bakteria wa kuhara na homa ya matumbo) kwa mgonjwa ambaye hakuwa nayo. Sahani ya SS, ya kuoteshea Salmonella na Shigella, ilikuwa imeota koloni (vishada vya bakteria) zisizo na rangi, kila moja na kitone cheusi katikati kama jicho la samaki. Picha ile ile niliyokaririshwa darasani. Nikachoma koloni moja kwenye tyubu ya TSI (kipimo cha sukari), nyingine nikaikoroga kwenye slaidi pamoja na tone la seramu yenye kingamwili za Salmonella. Papo hapo ikafanya vibonge. Kesho yake TSI ikatoka na mteremko mwekundu na kitako cheusi tii. Nikaandika jina.

Bosi wangu aliisoma karatasi, akaniuliza mambo mawili tu: "Yurea iko wapi?" na "Kwenye maji ya chumvi matupu ilifanyaje?"

Yurea, kipimo kinachogeuka waridi bakteria akiivunja, sikuipanda, niliona haina haja. Tone la maji ya chumvi nililiruka kwa sababu hiyo hiyo. Tukarudia akiwa amesimama pembeni: bakteria wale wakafanya vibonge ndani ya maji ya chumvi bila seramu yoyote. Yurea tuliyopanda asubuhi ilikuwa imegeuka rangi ya waridi kabla sijavua koti la kazi. Agari ya damu (jeli ya kuoteshea bakteria) tuliyoilaza usiku ilikuwa imefunikwa yote na utando wa mawimbi, kuanzia pale nilipogusa na kitanzi mpaka ukingoni. Alikuwa Proteus, mkazi wa kawaida wa utumbo, nami nilikuwa mbioni kumbatiza.

Hakuna lolote kati ya hayo ambalo sikulijua. Ungeniuliza kwenye mtihani ningejibu bila kufikiri. Kilichoniponza ni kwamba jina lilinijia kichwani mapema mno, na kila kilichofuata nikakipokea kama shahidi wa upande wangu. Wenzangu wengi wanaoanza kazi hii nawaona wakiteleza hapo hapo, kwa hiyo naandika ninavyofanya sasa.

Kwanza koloni yenyewe. Inayoonekana imekaa peke yake kwenye sahani ya kuchuja, kama SS, si lazima iwe safi. Chumvi za nyongo na rangi zilizomo kwenye midia ile huwazuia bakteria wengine kukua, lakini haziwaui wote. Wanabaki chini ya koloni yako wamejikunyata, na ukiwahamishia kwenye tyubu yenye raha wanafufuka. Halafu unakaa kushangaa matokeo yasiyofanana na kitu chochote kitabuni. Gusa kilele cha koloni kwa sindano, usiikokote mpaka kwenye agari, kisha ipande upya kwenye MacConkey (sahani ambamo walao laktosi huota waridi) au agari ya kawaida, upige mistari mpaka upate koloni zilizoachana. Siku moja itapotea. Ipotee.

Oksidesi, kimeng'enya kinachogeuza karatasi ya kipimo kuwa zambarau, huipima mapema kwa sababu inagawa njia. E. coli, Salmonella, Shigella, Klebsiella na Proteus wote hawana. Vibrio na Aeromonas wanayo. Ila usichukue koloni kutoka MacConkey wala TCBS (sahani ya Vibrio), maana asidi na rangi za midia hizo hupotosha kipimo. Chukua kwenye agari ya damu au agari ya kawaida. Tumia kijiti cha mbao au kitanzi cha plastiki, kwa kuwa waya wenye chuma unaweza kuleta zambarau ya uongo. Na ukishapaka, hesabu hadi kumi. Ukienda kupokea simu ukarudi, karatasi itakuwa imegeuka zambarau kwa hewa tu.

TSI ndiyo ningependa kila mwanafunzi aielewe badala ya kuikariri. Ndani yake mna sukari tatu: glukosi asilimia 0.1, laktosi asilimia 1 na sukrosi asilimia 1. Glukosi imewekwa kidogo makusudi. Saa za mwanzo bakteria hawa wote wanaila, asidi inatoka, tyubu nzima inakuwa njano. Glukosi ikiisha, asiyeweza kula laktosi wala sukrosi anaanza kula peptoni, na kule kwenye mteremko wenye hewa ya kutosha anazalisha alkali, mteremko unarudi kuwa mwekundu. Kitako kinabaki njano. Sasa fikiria umeisoma saa nane tu tangu kuipanda kwa sababu zamu inaisha: Salmonella atakuonyesha njano juu na chini, utamtupa ukidhani ni E. coli. Soma kati ya saa 18 na 24. Kifuniko kiwe kimelegea, kwa sababu bila hewa mteremko haurudi kuwa mwekundu. Kitako kikiwa cheusi, hesabu kwamba na asidi imo, hata kama njano imefunikwa usiione.

Na weusi wenyewe una sura zake. Nilizoea kutafuta tyubu iliyotiwa masizi. Siku moja nikakutana na tyubu yenye kitako cha njano, hakuna gesi, na pale mteremko unapokutana na kitako kuna mstari mwembamba kama uzi wa wanja. Ningeiita si kitu. Kumbe ndivyo Salmonella Typhi anavyojionyesha mara nyingi: weusi kiduchu, gesi hakuna. Siku hizi kila tyubu naigeuza taratibu mbele ya taa kabla sijaandika neno.

Wanaofanana sana na Salmonella kwenye sahani ni Proteus na Citrobacter freundii, maana nao hutoa weusi. Proteus atajisaliti kwa yurea. Citrobacter humtenga kwa laisini (asidi amino): Salmonella wengi wanaivunja, yeye haivunji. Salmonella Paratyphi A naye haivunji laisini, na mara nyingi hata weusi hana, ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi kumfukuza mtu wala kumkaribisha.

Shigella ni kesi nyingine kabisa. Kwa nasaba yeye na E. coli ni damu moja, hata mashine za MALDI-TOF, ambazo nazipenda kwa kutupa jina ndani ya dakika chache, huwachanganya wawili hawa. Mashine ikisema E. coli na koloni yako ya kutoka kwenye choo chenye damu haina rangi kwenye MacConkey, usiridhike. Angalia kama anatembea, kama anatoa gesi, kama anavunja laisini. Shigella hafanyi hata kimoja, isipokuwa gesi kwa baadhi yao wachache. Shigella sonnei ana hila yake pia: laktosi anaila pole pole, kwa hiyo sahani uliyoisahau ndani ya inkubeta hadi siku ya pili au ya tatu inaweza kukuonyesha uwaridi ambao jana haukuwepo.

API 20E, kipande chenye vipimo vidogo vilivyopangwa tayari, sina ugomvi nayo. Vipimo 20, tarakimu 7, jina linatoka. Ila tarakimu zile hazijui kama ulichanganya koloni mbili.

Seramu naiweka mwisho, na kila mara tone la maji ya chumvi linakaa ubavuni pake. Koloni ikifanya vibonge kwenye maji ya chumvi, basi majibu ya seramu hayana maana. Kinyume chake pia hutokea: vipimo vyote vinasema Typhi lakini seramu ya O, inayolenga ukuta wa bakteria, imekaa kimya. Antijeni ya Vi, koti lao la nje, inaweza kuwa imewafunika kama shuka. Chemsha mchanganyiko, upoze, jaribu tena. Na usimwamini Vi peke yake, maana Citrobacter wengine wanayo.

Jambo moja ambalo halina mjadala kwangu: usinuse sahani. Najua wazee wa kazi walikuwa wakinusa na kupatia. Shigella 10 hadi 100 wanatosha kumlaza mtu, na choo kile kina wagonjwa wa kutosha tayari.

Kwenye karatasi yangu ya benchi, safu ya jina naifunika kwa kipande cha plasta hadi tyubu ya mwisho isomwe. Wenzangu wanacheka. Wiki iliyopita mwanafunzi aliniletea sahani ya SS, koloni zina jicho jeusi katikati, uso wake unang'aa. "Hii si ndiyo Salmonella?" Nikamuuliza yurea yake iko wapi. Akatazama sahani, akanitazama mimi, akaenda kufungua friji.