Kabla kanisa lenu halijanunua kamera za rimoti

Wachungaji wa makanisa ya Kiswahili hapa Kampala wakinipigia simu kuhusu matangazo ya ibada, yaani kurusha ibada mubashara mtandaoni, huniuliza wanunue kamera gani. Mara nyingi muuzaji ameshawatumia picha kwa WhatsApp, na chini yake ameandika kwa herufi kubwa kwamba kamera inavuta picha karibu, yaani kuikuza, kwa mara 30. Nami huwauliza mambo mawili kwanza: kutoka ukuta wa nyuma hadi mimbari ni mita ngapi, na madirisha yako upande gani? Ukinijibu hayo, nusu ya uchaguzi imekwisha kabla hatujataja jina la kampuni yoyote.

Ninahudumu kwenye timu ya matangazo ya kanisa ambalo mahubiri yake ni ya Kiswahili, na mkalimani wa Kiganda husimama ubavuni mwa mhubiri. Wanaotufuata mtandaoni ni mgonjwa aliyelazwa, mlinzi aliye lindoni Jumapili asubuhi, ndugu waliobaki kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na wale waliohamishiwa Marekani au Australia ambao hawana kanisa la lugha yao karibu. Kwa hiyo silichukulii jambo hili kama mapambo. Picha ikikatika, kuna mtu ambaye ibada yake ya wiki ndiyo imekatika.

Kamera ninazozisema ni zile zenye kichwa kinachogeuka kushoto na kulia, juu na chini, na lenzi inayovuta karibu, zote zikiongozwa kutoka mbali. Mafundi huziita PTZ. Faida yake kwa kanisa lenye vijana wachache wa kujitolea ni kubwa: mtu mmoja aliyeketi karibu na mikisa ya sauti anaongoza kamera mbili au tatu, na hakuna stendi katikati ya njia wala kijana anayewaziba akina mama wasione madhabahu.

Ila jihadhari na jina hilo dukani. Zipo kamera za ulinzi nazo huitwa PTZ, zinageuka na kuvuta karibu, tena bei yake inavutia. Hizo zimetengenezwa kumnasa mwizi, si kumfuata mhubiri. Nyingi hazina tundu la HDMI wala SDI, yaani njia za kutoa picha moja kwa moja kwa kebo, picha yake hufika kupitia mtandao ikiwa imechelewa, na zikigeuka husogea kwa kushtuka. Ukitazama kwa saa mbili, kichwa kinauma. Kamera ya matangazo inatakiwa iwe na HDMI au SDI, ihifadhi nafasi ulizoziweka, yaani ikumbuke pale ulipoielekeza na irudi hapo ukibonyeza namba, na iweze kusogea taratibu sana. Sifa nyingine ni kuelewa VISCA, yaani lugha ya amri iliyoanzishwa na Sony ambayo kamera za kampuni nyingi nyingine huielewa pia. Ikiielewa hiyo, hutafungwa na rimoti ya kampuni moja.

Sasa turudi kwenye zile mita. Ili mhubiri aonekane kuanzia kiunoni hadi kichwani, picha yako inatakiwa iwe na upana wa kama mita 2 pale anaposimama. Kwa makadirio yangu, kamera nyingi za mara 12 hufikia hapo hadi umbali wa mita 15 hivi, za mara 20 hadi mita 30, na za mara 30 hadi mita 45 au zaidi. Makanisa mengi ya mitaani kwetu, yale ya mabati na matofali, hayana hata mita 25 kutoka mlangoni hadi madhabahuni. Ya mara 20 inatosha na kubaki. Ukilipia mara 30 hapo, unalipia uwezo ambao hautatumika. Isitoshe, kamera za kuvuta sana mara nyingi huona upana mdogo zaidi zikiwa hazijavuta, na siku kwaya nzima ikipanda mbele, nusu ya waimbaji wanabaki nje ya picha. Halafu uliza kama namba hiyo ni ya lenzi yenyewe. Kuna kukuza kunakofanywa na kompyuta ya kamera, ambako hupanua tu picha iliyopo na kuififisha. Namba yake usiihesabu kabisa.

Jambo ambalo ningependa kila mzee wa kanisa alielewe kabla ya kutia sahihi hundi ni mwanga. Lenzi inapovuta hadi mwisho hupokea mwanga kidogo kuliko ikiwa pana. Kanisa likiwa na giza, kamera inajitahidi kuongeza nguvu yenyewe, na picha inajaa chembechembe. Chembechembe hizo zinaumiza hata mtandao: programu inayobana picha inaziona kama kitu kinachosogea kila wakati, inatumia data yako kuzielezea, na uso wa mhubiri unabaki na kilichosalia. Mwangaza mzuri unaopiga madhabahu kutoka mbele, juu kidogo, pande mbili, unaweza kuifanya kamera ya bei ya kati ishinde kamera ghali iliyo gizani. Kama bajeti ni finyu, mimi huwaambia wapunguze kamera, waongeze taa.

Tena kuna ngozi zetu. Kamera ikiachiwa ijipangie mwanga yenyewe, na nyuma ya mhubiri kuna dirisha, ukuta mweupe au skrini kubwa inayowaka, inapima ule weupe na kuzima kila kitu kingine. Mchungaji anageuka kivuli chenye tai. Sikubali mtu aseme kwamba hivyo ndivyo mtu mweusi anavyotokea kwenye kamera. Ni mpangilio tu. Nunua kamera inayokuruhusu kupanga mwanga kwa mkono, halafu msimamishe mtu mwenye ngozi nyeusi kabisa katika timu yako pale mbele, panga hadi macho yake yaonekane vizuri, na uhifadhi mpangilio huo. Dirisha litawaka kupita kiasi, na liwake. Au weka pazia.

Kwa kuwa umeme wetu Uganda ni wa hezi 50, ipange kamera kwenye fremu, yaani picha, 25 au 50 kwa sekunde, na shata, yaani muda wa kila picha kupokea mwanga, kwenye 1/50 au 1/100 ya sekunde. Kamera nyingi hufika zikiwa zimepangwa kwa nchi za hezi 60, ndipo unaona mistari inatembea kwenye picha chini ya taa za tyubu na za LED.

Kitu kingine wauzaji hukisifia sana ni kamera kumfuata mtu yenyewe. Kwenye kanisa ambalo mhubiri ni mmoja, yuko peke yake jukwaani na hatembei sana, inasaidia. Kwetu wako wawili daima. Mhubiri anasema sentensi, mkalimani anaichukua, mmoja anasonga mbele, mwingine anamfuata, shemasi anakatiza na maji ya kunywa, na wakati wa sifa kwaya inacheza hadi ngazini. Kamera inayochagua mwili mmoja itamwacha mmoja wao nje, na wakati mwingine itaondoka na shemasi. Ningechagua kamera isiyo na uwezo huo lakini inayohifadhi nafasi kwa uhakika, kisha nihifadhi chache zinazolingana na ibada yetu: wote wawili pamoja kuanzia kiunoni, mhubiri peke yake, kwaya nzima, mpiga kinanda, meza ya Bwana, na picha pana ya kanisa. Anayeongoza anabonyeza namba tu. Ile ya mhubiri na mkalimani pamoja ndiyo utakayoishi nayo, kwa hiyo ipange kwa utulivu siku isiyo na ibada.

Kuhusu picha pana ya kanisa, nina neno kwa makanisa ya Kiswahili hasa. Wengi wa ndugu zetu wamekimbia vita Kongo, na wapo wenye watu wasiotaka wajue walipo. Matangazo ya mubashara yanaonyesha sura, mtaa na saa. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, lakini hata isingekuwepo, upendo ungetosha kutuzuia. Kamera kuu ikae nyuma au pembeni nyuma, ili picha pana ionyeshe migongo. Tengeni safu ambazo hakuna kamera inayozifikia na mzitangaze kila Jumapili. Watoto wa Sunday school wakija kuimba, wazazi waulizwe kwanza. Kama unapanga kuweka kamera ya pili mbele ikitazama waumini, jadilianeni na wazee kwanza. Mimi sijaiweka.

Kwa upande wa kebo, HDMI ya kawaida huanza kusumbua ikipita mita 15 hivi. SDI inaweza kufika mita 100 kwa kebo nzuri. Kebo ya mtandao nayo hufika mita 100, na kama kamera inapokea umeme kupitia kebo hiyohiyo, yaani PoE, kwangu hiyo ndiyo sifa ya kupigania. Kebo moja inapanda ukutani ikibeba umeme, amri na hata picha, na huhitaji fundi wa kuweka soketi juu ya mlango. Zaidi ya yote, umeme wa kamera zote unatoka kwenye swichi ya mtandao, kile kisanduku cha kuunganishia kebo, iliyo mezani kwako. Ukiunganisha swichi hiyo, rauta na kompyuta kwenye UPS moja, yaani betri ya akiba, umeme unapokatika katikati ya mahubiri matangazo yanaendelea huku mtu akikimbilia jenereta. Kamera ya aina hii ikizimika hujizungusha kwanza inapowaka, ndipo ipate picha, na muda huo ni mrefu kwa mtu anayesubiri kusikia mwisho wa neno. Uliza swichi inatoa wati ngapi kwa kila tundu: kiwango cha kwanza cha PoE kinatoa wati 15.4, na cha pili wati 30. Baadhi ya kamera zinahitaji cha pili. Radi za ukanda huu wa ziwa zinajulikana, kwa hiyo msipitishe kebo ya shaba angani kutoka jengo moja hadi jingine bila kinga.

Ukichukua picha kupitia mtandao wa ndani badala ya HDMI au SDI, jua kwamba itachelewa kidogo kuliko sauti ya mikisa, na midomo haitalingana na maneno. Mtu apige makofi mbele ya kamera, halafu kwenye OBS, programu ya bure inayotutosha kabisa, ichelewesheni sauti hadi vilingane. Kamera zenye NDI, yaani mfumo wa kupitisha picha na sauti kwenye mtandao wa ndani, hurahisisha kazi hii, ila uliza kama leseni yake imo kwenye bei. Nyingine huuzwa bila hiyo.

Hapa kwetu Facebook imefungwa tangu Januari 2021 na haifunguki bila VPN, kwa hiyo YouTube ndiyo njia ya kwanza kwa waumini wa ndani. Ruhusa ya kurusha mubashara kwenye akaunti mpya inaweza kuchukua hadi saa 24, basi iombeni mapema. Sioni haja ya kamera ya 4K, yaani yenye picha kali sana, kwa kazi hii. Picha ya 720p, ambayo ni ya ukali wa kati, kwa megabiti 3 kwa sekunde hutumia karibu GB 2.7 kwa ibada ya saa mbili, na tangu Julai 2021 data inatozwa ushuru wa asilimia 12, juu ya VAT. Anayetazama naye analipa. Pimeni kasi ya kupakia, si ya kupakua, Jumapili saa ileile ya ibada, na mtumie nusu yake tu.

Kuhusu idadi, kamera moja nzuri nyuma, pamoja na sauti safi iliyotoka kwenye mikisa, inatosha kuanza. Mtazamaji huvumilia picha isiyobadilika. Sauti inayokwaruza anaizima. Ya pili ije mkishazoea ya kwanza, na iwe ya aina ileile ili rangi za ngozi zilingane mnapobadilisha kutoka moja hadi nyingine. Kamera za kampuni zenye majina makubwa hufikia dola elfu kadhaa, na zipo zinazofaa kwa mamia ya dola. Zikiagizwa nje kuna usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18, nanyi mjue mapema nani ataitengeneza ikiharibika.

Kabla ya kulipa, mwombeni muuzaji ailete kanisani, saa za ibada, mwanga ukiwa wa ibada. Ivuteni hadi mwisho muone kama uso bado una macho. Ikiwa imevuta hivyo, igeuzeni polepole kabisa na muangalie kama inatetemeka. Izimeni na kuiwasha, muone kama inarudi kwenye nafasi zake. Sikilizeni mota yake kanisa likiwa kimya. Halafu mpeni rimoti yule kijana atakayeiongoza kila Jumapili, si fundi wa duka, na mumwache aitumie nusu saa bila kumsemesha.