Rejista safi ilinidanganya: kwa wewe unayeanza kusimamia kliniki ya methadoni

Umepewa barua ya uteuzi, umepigiwa makofi kwenye kikao cha asubuhi, na sasa una ufunguo wa pili wa kabati la methadoni, dawa wanayokunywa kila siku watu wanaoacha heroini. Hongera, na pole. Mimi nilikabidhiwa ufunguo kama huo nikiwa muuguzi wa dirishani, katika kliniki moja ya Dar es Salaam ambayo sitaitaja, na mwaka wangu wa kwanza wote nilikagua karatasi nikidhani nasimamia watu.

Kila Ijumaa nilikuwa napitia rejista ya dozi, mstari kwa mstari. Aliyeacha nafasi bila tiki wala saini nilimwita mbele ya wenzake. Haikupita mwezi rejista ziking'aa. Nikazionyesha hata kwa wageni wa wilayani. Nisichojua ni kwamba muuguzi wa zamu, kwa kuogopa kusahau tiki foleni ikibana, alikuwa anatiki majina yote alfajiri kabla dirisha halijafunguliwa, kisha saa ya kufunga anarudi kuwafuta wasiofika. Siku akiwahi kuondoka, au mwenzake akifunga, hakuna anayefuta.

Basi kuna mgonjwa mmoja, dozi yake miligramu 110, alizolewa kwenye msako usiku wa Jumanne. Akakaa mahabusu hadi Jumatatu. Siku tano hakunywa, lakini kitabu chetu kilionyesha siku tatu kati ya hizo amekunywa. Alipoachiwa hakupita nyumbani, alikuja kwetu moja kwa moja, arosto, yale mateso ya kukosa dawa, imemkaba, jasho na miayo. Hakusema alikotoka kwa sababu aliamini tutamfukuza. Muuguzi akatazama rejista, akaona amekosa siku mbili tu, akampa dozi kamili.

Methadoni haina haraka. Inapanda polepole, na kilele chake huja kati ya saa mbili na nne baada ya kunywa. Kwa hiyo mtu alitoka dirishani akitembea vizuri tu, akaketi benchi chini ya mwarobaini. Aliyekuja kuniita ni mlinzi. "Sista, yule jamaa wa benchi anakoroma vibaya." Nilimkuta midomo imeanza kubadilika rangi, mboni za macho kama ncha ya sindano, na kwa saa yangu ya mkononi alikuwa anavuta pumzi sita kwa dakika. Tulimpa naloksoni, dawa inayozuia nguvu ya methadoni, tukampumulisha kwa mfuko, akafumbua macho na kututukana. Sijawahi kufurahia matusi kiasi kile. Tukampeleka wodini alale huko, maana naloksoni huisha nguvu ndani ya saa moja hivi, wakati methadoni inabaki mwilini zaidi ya siku nzima; ukimruhusu aende nyumbani kwa kuwa ameamka, anaweza kuzima tena akiwa peke yake.

Alipona. Jioni ile tukakaa, muuguzi, mfamasia na mimi, tukafungua vitabu. Ndipo nikaona kwamba hata mfamasia, kwenye hesabu ya chupa ya siku zile, alikuta dawa imezidi kidogo, akaandika "tofauti ya kipimo" na kufunga kitabu. Yeye naye alinijua: Ijumaa nataka hesabu inayokaa sawa. Watu wangu wawili, wote wazuri wa kazi, kila mmoja alikuwa na kipande cha ukweli na kila mmoja alinificha. Nilikuwa nimewafundisha hivyo mwenyewe, kwa zile Ijumaa zangu.

Muuguzi yule alitarajia barua ya onyo. Nilimwambia barua ikiandikwa itakuwa na majina mawili, na la kwanza ni langu.

Siku iliyofuata tuliondoa tiki. Sasa anayetoa dozi anaandika saa aliyompa mgonjwa, kwa kalamu, mgonjwa akiwa mbele yake. Saa huwezi kuiandika alfajiri. Na kabla ya dozi swali ni moja, na linaulizwa hata kwa mgonjwa aliye nasi miaka mitatu: "Umekunywa lini mara ya mwisho?" Jibu lisipolingana na kitabu, dawa inasubiri. Aliyekosa siku tatu mfululizo anapita kwa daktari kwanza, hata akigonga meza, na akizidi hapo anaanzishwa upya kutoka chini. Kutoka chini maana yake kweli chini: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2009 unasema dozi ya kuanzia kwa kawaida isipite miligramu 20, na kwa vyovyote isivuke 30. Wiki mbili za mwanzo ndizo zenye hatari kubwa kuliko zote. Vijana wapya wakiambiwa mtu ana arosto wanataka kumsaidia leo hii hii. Waambie huruma ya methadoni ni ya taratibu.

Kuhusu kusimama dirishani: nenda, lakini bila daftari. Nusu saa mara mbili kwa wiki inatosha. Utaona nani anamwangalia mgonjwa usoni na nani anaangalia kikombe. Utaona kama mgonjwa anaambiwa anywe maji na ataje jina lake baada ya kumeza, maana wapo wanaobana dawa shavuni wakaiuze nje ya geti. Na utasikia lugha.

Lugha yetu ina mtego hapa. Kliniki tunasema "mteja". Ukidondosha ile m ya mwanzo, umemtukana. Muuguzi mmoja mpya, mtoto mpole kabisa, aliita foleni ikiwa ndefu: "Haya mateja, msogee ukutani." Hakukusudia ubaya, ndivyo wanavyoitwa mtaani kwake. Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni, miezi minane hajagusa unga, alitoka akaenda zake. Ilibidi mwelimishaji rika amfuate hadi maskani siku mbili baadaye. Sikumkaripia yule muuguzi mbele ya watu, nilikuwa nimeshajifunza. Nilimwomba Jumanne iliyofuata asimame kwenye foleni upande wa wagonjwa, bila sare, dakika ishirini. Alirudi amenyamaza. Mimi siku hizi napendelea "mgonjwa", ingawa wenzangu wa ustawi wa jamii wananipinga, na kila kikao tunabishana.

Kaa na kila mtumishi peke yake, nusu saa kila baada ya wiki mbili, mlango umefungwa, simu pembeni. Wizarani wanaita usimamizi shirikishi na wana fomu yake. Ijaze, lakini baadaye. Usianze na "kazi inaendeleaje", utajibiwa "nzuri". Mimi nauliza: "Ni mgonjwa gani ukimwona getini unasema moyoni, leo naye!" Wote wanacheka, halafu wanataja jina. Na hapo ndipo kazi ilipo. Nilimuuliza daktari mmoja kijana, akamtaja mwanamume wa makamo aliyekuwa analalamika kila siku kuwa dozi haimtoshi. "Anadanganya, dada. Miezi sita alikuwa sawa na miligramu 80, sasa ghafla ana arosto? Anataka kulewa tu." Nikamwambia tufungue faili pamoja. Wiki mbili nyuma alikuwa ameanzishiwa dawa za kifua kikuu. Rifampisini, moja ya dawa hizo, inaharakisha ini kuivunja methadoni, kwa hiyo mtu mwenye dozi ileile anajikuta hana kitu mwilini ifikapo usiku. Efavirenzi nayo hufanya hivyo kwa walio kwenye dawa za kufubaza VVU. Mzee wa watu alikuwa anasema kweli siku kumi mfululizo. Tukampandisha kwa hatua, na tukaandika kwa wino mwekundu juu ya faili tarehe ya kumaliza dawa za kifua kikuu, kwa sababu dawa hizo zikiisha methadoni hupanda tena mwilini na dozi lazima ishushwe.

Angalia, yule daktari alijua habari ya rifampisini. Alifaulu mtihani wake. Kilichomziba macho ni kuchoka kudanganywa, na uchovu huo hauondolewi na semina.

Uchovu huohuo ndio unaowafanya watumishi wageuze dozi kuwa fimbo. Mkojo umeonyesha heroini, mshushie. Amemtukana sista, mshushie. Hili likatae siku ya kwanza, na lisikike umelikataa. Mtu ambaye mkojo wake bado una heroini mara nyingi dozi haijamfikia; watu wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120 kwa siku. Ukimshushia umempa nauli ya kurudi kijiweni. Adhabu zipo nyingine, kama kuja saa za mwisho au kukutana na kamati, na ziamuliwe na watu zaidi ya mmoja.

Kuhusu nauli yenyewe nilikosea pia. Nauli ndiyo inayokosesha watu dozi kuliko uvivu. Niligundua muuguzi mmoja anawapa wagonjwa wawili nauli kila siku kutoka mfukoni mwake, nikapiga marufuku. Baada ya wiki mmoja wa wale wawili hakuonekana tena. Marufuku ilikuwa sahihi, maana mtumishi akianza kutoa hela mwisho wake ni foleni ya pili nje ya mlango wake, na ugomvi. Lakini nilipaswa kwanza kumuuliza amekuwa akitoa kwa muda gani na nani atabaki njiani. Sasa jambo hilo linapelekwa kwa ofisa ustawi wa jamii, linaandikwa, na tunatafuta ndugu au kikundi cha kubeba.

Waelimishaji rika wanahitaji ukurasa wao. Hawa ni watu waliotoka kwenye unga, na tunawarudisha maskani kila siku kutafuta wengine. Nani kati yetu angekubali kupelekwa kila asubuhi mahali palipomuua nusu? Siku ya kumwajiri, kabla ya kusaini, muulize: siku ukiteleza, utamwambia nani? Aandike jina. Mueleze wazi kitakachotokea: atapumzishwa kazi ya nje, atapewa matibabu, hatafukuzwa kwa kusema. Anayefukuzwa ni anayeficha akaendelea kwenda maskani na vifaa vyetu. Na kama yeye mwenyewe bado anakunywa methadoni kwenu, anayemsimamia kazini asiwe ndiye anayegusa faili lake la matibabu. Tulichanganya haya mawili mara moja. Kijana akaacha kusema ukweli kwa daktari kwa kuogopa kukosa posho.

Polisi: jitambulishe kwa mkuu wa kituo kilicho karibu kabla hujamhitaji. Mpe namba ya simu ya kliniki. Laiti tungekuwa nayo hiyo njia wiki ile ya msako.

Kliniki ya kwanza ya methadoni Tanzania Bara ilifunguliwa Muhimbili Februari 2011, na tangu hapo dirisha la methadoni halijui Jumapili wala Idi wala Krismasi. Ratiba ya sikukuu iandike miezi miwili kabla, na jina lako liwemo kwenye siku mbaya. Ramadhani wapo watakaoomba wanywe baada ya futari. Ongea na wagonjwa na watumishi pamoja mapema, usisubiri mwezi uandame.

Idi iliyopita simu yangu iliita saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ni yule muuguzi wa tiki. "Dada, usinigombeze. Jana sikuhesabu chupa wakati wa kufunga, nilikimbilia sokoni. Nimehesabu sasa, haikai, na nje wapo kama arobaini." Nikamwambia asifungue dirisha, awatangazie tutachelewa nusu saa na awape sababu ya kweli. Nikaacha pilau kwa binti yangu, nikachukua bodaboda.