Mipira miwili inayoning'inia chini ya tangi: usiizibe

Umeuliza kama ile mipira miwili iliyo chini ya tangi la pikipiki yako ya zamani, isiyochomekwa popote, unaweza kuikata na kuiziba. Usiizibe. Imeachwa wazi makusudi.

Mmoja kwa kawaida ni wa pumzi ya tangi. Pikipiki ya kabureta isiyo na pampu hutegemea petroli ishuke yenyewe kwa uzito wake, na kadiri inavyoshuka lazima hewa iingie kujaza nafasi. Hewa ikikosa njia, petroli inagoma kushuka, bakuli la kabureta linakauka, injini inakohoa na kuzima. Ukisubiri kidogo inawaka, unakwenda kilomita chache, inazima tena. Wengi hapo hununua plagi na koili bure! Kwenye jua kali mvuke nao hutafuta pa kutokea. Ukikosa, presha husukuma petroli hadi sindano ya boya ishindwe kuizuia na kabureta ifurike.

Wa pili hutoa maji ya mvua yanayotuama kuzunguka mfuniko. Kuutambua, fungua mfuniko, puliza kwa mdomo kwenye mpira mmoja mmoja (usivute), huku kidole kilicholowa kikiwa juu ya kitundu kilicho pembeni ya mdomo wa tangi, mfuniko unapokaa. Unaopuliza kidole ndio wa maji. Huo ukidondosha petroli, huenda bomba lake ndani ya tangi limeoza kwa kutu.

Mpira mwembamba unaotoka kwenye koki (swichi ya kufungulia petroli chini ya tangi) kwenda njia ya hewa ya injini si wa pumzi. Huo usiuache wazi kamwe.

Kupima: injini ikiwa baridi, mbali na moto, chomoa mpira wa petroli kwenye kabureta, uelekeze kwenye chombo, funga mfuniko, fungua koki (koki ya vakyumu, inayofunguliwa na mvuto wa injini, iweke PRI ili ipitishe petroli injini ikiwa imezimwa). Mtiririko ukififia, fungua mfuniko. Ukisikia "fyuuu" na petroli ikarudi kwa nguvu, pumzi imeziba.

Anza kukagua mahali tangi linapokalia fremu. Mpira hubanwa hapo tangi likirudishwa ovyo. Kisha tafuta udongo wa nyigu mdomoni mwake. Ukitumia kompresa, mfuniko uwe wazi, la sivyo tangi litavimba. Mpira mpya uwe wa kuhimili petroli, tundu lilingane na chuchu (kijibomba unapochomekwa), mara nyingi milimita 5 au 6. Ncha ikate mshazari, iishie chini ya injini, mbali na ekzosi na tairi.