Goti linauma, eksirei haioni kitu

Goti linaniuma mwezi wa tatu huu. Nimepiga eksirei hapa Moshi, naambiwa mifupa haina tatizo. Wanangu sasa wanadhani nasingizia. (Bibi wa Himo)

Shikamoo bibi. Husingizii. Eksirei ya kawaida husoma kivuli. Mfupa una kalsiamu, yenye namba atomia 20, hivyo humeza mionzi mingi. Gegedu, kano na misuli ni haidrojeni, kaboni na oksijeni kwa wingi; mionzi hupenya, na vivuli vyake hukaribia kufanana. Picha hiyo imekupa habari za mifupa tu. Rudi kwa daktari, mwulize kuhusu ultrasaundi (picha ya mawimbi ya sauti) au MRI (picha ya sumaku), na wasomee wanao jibu hili.

Shikamoo mwalimu. Kama mionzi inapenya tu, wanaopiga picha nyama laini kwa eksirei wanaona nini? (Kidato cha sita, Arusha)

Marahaba, na swali lako nimelipenda sana. Mchana weka karai la maji juani, uyaguse kwa kidole. Maji maangavu hayazuii mwanga, lakini chini ya karai utaona mistari inayong'aa ikichezacheza. Viwimbi vimepinda mwanga: hapa umekusanyika, pale umepungua. Eksirei nayo ni wimbi. Ikivuka mpaka wa mafuta na misuli hupinda kidogo mno, ila ukikisogeza kigunduzi (kifaa kinachopokea picha) mbali na sampuli, ukingo ule hujichora kwa mstari mweupe na mweusi. Umbali ndio siri, kama kina cha karai. Kwenye nyama laini, badiliko hili la wimbi laweza kuwa kubwa kuliko kumezwa kwa mionzi hata mara 1,000. Mwanafizikia Frits Zernike alipewa Nobel mwaka 1953 kwa kutumia wazo hilo kwenye hadubini ya mwanga wa kawaida.

Mimi ni fundi maabara. Tunakata tishu na kuzipaka rangi. Hadubini ya eksirei inayotumia mbinu hiyo ikija, tutakosa kazi? (Moshi)

Hapana, ndugu yangu. Kipande chenu cha maikroni 4 au 5, kikishapakwa rangi, kinaonyesha kiini cha seli vizuri mno. Lakini kipande kimoja hakisemi mshipa umeelekea wapi. Hadubini hii ya eksirei hulizungusha donge zima la nta lenye tishu mbele ya eksirei, kompyuta ikajenga umbo lake la ndani bila kisu kuligusa. Kisha ninyi mnajua pa kukata. Nawaza uvimbe mdogo uliojificha katikati ya donge, ukapitwa na kisu, na moyo unaniuma.

Nitaipata hospitali gani Arusha? (Ngaramtoni)

Hakuna. Kazi bora zaidi hufanyika kwenye sinkrotroni, mashine kubwa ya duara inayozungusha elektroni kwa kasi mno ili zitoe eksirei kali. Ile ya Grenoble, Ufaransa, ina mzunguko wa mita 844, na Afrika bado haina hata moja. Tena kadiri unavyotaka kuona vitu vidogo zaidi, ndivyo mionzi inavyohitajika mingi zaidi, kwa hiyo ukali wa hadubini unabaki kwa sampuli zilizokwisha kutolewa mwilini.