Biti ya almasi au ya koni?

SWALI: Assalaam alaykum, mzee wetu. Nasomea uchimbaji. Mwalimu ametwambia biti (kile kichwa cha kukatia jiwe kwenye ncha ya mabomba) ya almasi huchimba haraka kuliko ya koni. Mbona basi kisima kirefu cha mafuta hakichimbwi kwa almasi tu, juu mpaka chini?
Msomaji, Wete

JIBU: Waalaykumu ssalaam, mwanangu. Mwalimu wako kasema kweli, ila inategemea jiwe. Biti ya koni tatu huviringika ikaliponda jiwe. Ya almasi bandia, PDC, haina kinachoviringika; hulikuna jiwe kama mbuzi inavyokuna nazi. Kwenye chokaa laini au udongo ulioshikamana, hukimbia khasa. Ikikutana na gumegume, meno hukatika.

Nilipokuwa Oman kwenye mitambo ya jangwani, biti ikitoka kisimani nikiiosha tope na kuipapasa jino moja moja. Ukiona ya pembeni yamelika na ya katikati mazima, jiwe lina mchanga mkali, na ya pembeni ndiyo yanayokwenda mwendo mrefu kila mzunguko. Biti iliyochakaa usiitupe kabla hujaisoma, maana ndiyo inayokuchagulia inayofuata.

Lakini kwenye kina kirefu usitazame mita kwa saa peke yake. Ukiwa mita 4,000, kubadili biti ni kuyatoa mabomba yote, matatu matatu, kisha kuyarudisha. Tuseme kazi hiyo ni saa 16. Biti moja huchimba mita 10 kwa saa, inakufa baada ya mita 100. Nyengine huchimba mita 6 tu, lakini inafika 300. Kwa mita 300, ya kwanza inakula saa 30 za kuchimba na 48 za mabomba, jumla 78. Ya pili 50 na 16, jumla 66. Na mtambo unalipiwa kwa siku, uchimbe usichimbe.

Ndiyo maana nawastahi waliochimba Pemba-5, kisima cha kutafuta mafuta kisiwani kwenu, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Walipita mita 3,800, na PDC haijaingia sokoni mpaka miaka ya 1970.

Jambo moja zaidi: kwenye udongo unaonata, biti nzuri huvikwa udongo ikawa inateleza tu. Hapo tazama kwanza nguvu ya pampu na matundu ya biti yanayotoa tope la kuisafishia, kabla hujaagiza biti mpya.